Chumba cha Kuwashia

Kaka yangu havumilii nafasi tupu. Mpe kikombe, atamimina chai mpaka ifike ukingoni, kisha ainame aifyonze ikiwa mezani kwa sababu kikombe hakinyanyuliki tena. Mpe begi, atalikalia ndipo zipu ifungike. Kwenye gari lake la mizigo, hata chini ya kiti cha dereva pana mfuko wa pumba. Mtaa mzima unamwita Jaza na yeye anaitika, tena kwa tabasamu, mtu angedhani amepewa cheo. Mimi ananiita Pilipili. Mimi siitiki kwa tabasamu.

Nasema haya mapema ili asije mtu akaniambia nilimwonea siku ile. Sikumwonea. Nilimpigia kelele, ndiyo, tena mbele ya mama, lakini kumwonea, hapana, hata chembe.

Jaza anatotolesha vifaranga. Nyuma ya nyumba yake ana chumba cha matofali, na ndani ya chumba hicho kuna kiangulio, kabati kubwa la joto lenye mlango wa kioo na trei juu ya trei za mayai. Watu humletea mayai, yeye huwarudishia vifaranga. Joto, unyevu na feni vyote vinaendeshwa na kompyuta iliyokaa juu ya meza pembeni, na kompyuta hiyo niliiandaa mimi, maana kazi yangu ndiyo hiyo, ufundi wa kompyuta. Niliiwekea mfumo huria, ule ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuufungua na kuurekebisha bila kuomba ruhusa ya tajiri. Mfumo hauna kosa. Kosa lina jina, na jina lake nimeshalitaja.

Sasa sikilizeni habari ya mayai. Mama alikuwa na kuku wake, vishingo weusi, shingo tupu, miguu mirefu, wakali hata mbwa wa jirani aliwapisha njia. Mbegu ile alipewa na mama yake alipoolewa, na hakuwahi kuiacha ikatike. Baba, Mungu amrehemu, ndiye aliyewalisha. Alikuwa na mluzi wake wa kuwaita, unapanda, unapanda, halafu unakatika ghafla mara mbili, na kuku walitoka hata chini ya magari. Baba alipofariki, mama akabaki na kuku. Kisha kikaja kideri. Anayefuga anakijua kideri: jioni kuku anazubaa, asubuhi unamkuta miguu juu. Banda lote likaisha. Kilichobaki cha mbegu ile duniani kote ni trei moja ya mayai, ambayo Jaza alikuwa ameyachukua kabla ugonjwa haujaingia, akayaweka kwenye kiangulio chake. Siku ninayoisimulia ndiyo iliyokuwa siku yao ya kuanguliwa.

Asubuhi hiyo umeme ulikatika, ukarudi. Jambo la kawaida tu. Kompyuta ndiyo haikurudi.

Nilikuwa dukani kwangu, nimefungua mashine ya mteja, simu yangu ya tochi ikaita.

"Pilipili, njoo."

"Kuna nini?"

"Njoo tu. Kompyuta inaandika maneno."

"Maneno gani?"

"Mengi."

Jaza ni mtu anayeweza kukusimulia bei ya pumba tangu asubuhi mpaka pumba yenyewe ioze. Akisema neno moja moja, ujue ameharibu kitu. Nilinyakua flashi yangu ya dharura, nikafunga duka, nikaenda nusu nikitembea nusu nikikimbia.

Nilimkuta mama amekaa kwenye kigoda, sikio amelibandika kwenye kioo cha kiangulio. Kabati lote, isipokuwa kile kioo, lilikuwa limezungushiwa mablanketi, mpaka shuka la kitanda cha Jaza lilikuwemo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Salamu baadaye. Washa hicho kitu chenu."

Nikatupa jicho kwenye kipimajoto kilichoning'inia ndani ya kioo. Kinatakiwa kusoma thelathini na saba na nusu. Kilikuwa kimeshuka chini ya thelathini na sita.

"Wamepasua?" nikauliza.

"Wanne wameanza kutoboa. Wengine wanalia ndani kwa ndani," mama akasema. "Weka sikio."

Niliweka. Nyuma ya kioo, ndani ya maganda, kulikuwa na sauti nyembamba nyingi, cii, cii, zinapokezana. Nilijua, kwa sababu Jaza ametuhubiria miaka yote, kwamba saa hiyo mlango haufunguliwi. Ukiufungua unyevu unatoka, utando wa ndani ya yai unakauka na kumkaba kifaranga akiwa nusu ametoka. Kwa hiyo hata chupa za maji ya moto hazikuwa na pa kuingia. Kilichobaki ni kungoja kompyuta iwashe moto wake.

"Kile kitufe cha kuzungusha joto kwa mkono kiko wapi?" nikamwuliza Jaza. "Nilikiacha hapa ubavuni."

"Nilikitoa," akasema. "Kilikuwa kinazuia trei moja."

Nilivuta kiti nikakaa mbele ya kompyuta, kwa maana ningefungua kinywa wakati ule ningepoteza muda.

Hapa nieleze kidogo, maana bila hili hutaelewa kwa nini nilitaka kumtafuna mtoto wa mama yangu. Diski ya kompyuta hukatwa vyumba. Chumba kikubwa ndimo mfumo na kazi zote zinamokaa. Hicho nilikuwa nimekifunga kwa nywila, kwa sababu mtaa ule kompyuta huibwa na sipendi mwizi asome habari za wateja wa watu. Lakini ufunguo haufungiwi ndani ya nyumba unayotaka kuifungua. Kwa hiyo nje ya kile kikubwa huachwa chumba kidogo kisichofungwa, cha kuwashia. Humo hukaa kiini cha mfumo, kitu cha kwanza kuamka, ambacho ndicho huamsha vingine vyote. Kila mfumo unapojisasisha, huja kiini kipya na kukaa pamoja na cha zamani, ili kipya kikigoma, cha zamani kiitwe. Ndiyo maana chumba hicho hakipimwi kwa kilichomo leo. Unakipima kwa wageni wanaokuja. Mimi nilikiachia giga moja nzima, na kilichokuwemo hakikufika hata robo.

Nikawasha. Kioo cha kompyuta kikawa cheusi, yakashuka maneno meupe: kiini kimepatikana, lakini hakijakamilika. Basi. Kimya.

Sikushtuka. Dawa yake ipo. Nikazima, nikawasha tena, nikafungua orodha ya viini ili nichague cha zamani. Orodha ilikuwa na mstari mmoja.

"Kaka," nikasema taratibu, "kiini cha zamani kiko wapi?"

"Kile cha zamani?"

"Kile cha zamani."

"Si kipya kilikuja?" Akajikuna shingo. "Iliandika nafasi imejaa. Nikaipuuza. Ikaandika tena. Nikaona basi, hiki cha zamani cha nini, nikakifuta ili kipya kipate pa kukaa."

"Nafasi imejaa? Giga moja imejaa nini, mahindi?"

Mama, bila kutoa sikio kwenye kioo, akasema, "Jaza. Dada yako amekuuliza."

"Nilikipunguza."

"Ulipunguza nini?"

"Kile chumba. Uliacha nafasi kubwa tupu, Pilipili! Kila nikiangalia inaniuma. Nikaona video, kijana mmoja anaonyesha jinsi ya kupunguza, rahisi tu. Nikaacha megabaiti mia. Palipobaki nikakata chumba kingine."

"Cha nini?"

"Cha vitu vyangu."

Loo! Nilisimama kiti kikaanguka. "Wewe! Wewe unayesimama hapa kila siku na kurunzi yako unamulika mayai ya watu! Unawaambia nini wateja? Si unawaonyesha kile kijichumba cha hewa kwenye kitako cha yai? Si unasema kifaranga akishakomaa anatoboa kwanza pale, avute pumzi yake ya kwanza, ndipo apate nguvu ya kugonga ganda? Si ndiyo hotuba yako hiyo? Sasa niambie, ungeweza kukijaza hata kijichumba kile, ungekijaza?"

Jaza alitazama kiangulio, kisha akatazama kompyuta, na nikaona habari inamfika. Uso wake ulishuka wote. Kama ningekuwa na moyo mwepesi ningemhurumia.

"Sikujua kama ni kitu kile kile," akasema.

"Asiyeziba ufa..."

"Mnapiga kelele," mama akatukata. "Siwasikii."

Tukanyamaza wote wawili, na tukasikia. Cii. Cii. Zilikuwa zimepungua.

Nikachomeka flashi. Ndani yake kuna mfumo mzima mdogo, nautumia kuamshia mashine zilizokufa. Kompyuta ikaamka kwa flashi, nikafungua kile chumba kikubwa kwa nywila, nikaingia hadi kwenye chumba cha kuwashia. Na kweli, mle ndani kilikuwemo kiini kipya kilichoandikwa nusu. Nusu nyingine ilikosa pa kukaa. Nikakifuta, nikaamuru kiandikwe upya.

Hakuna nafasi.

Nikakipunguza. Nikatoa humo kila kisichohitajika, sauti, mitambo ya kuchapia, vyote, nikabaki na mifupa. Nikaamuru tena. Kilifika karibu na mwisho, nikaegemea mbele, na kioo kikaandika yale yale: hakuna nafasi. Viini vya siku hizi vimenenepa, na megabaiti mia ni shati la mtoto.

"Kimezidi kidogo tu," Jaza alisema nyuma yangu. "Kisukume."

"Hili si begi, huwezi kulikalia!"

Joto lilikuwa thelathini na tano. Nikapumua. Njia ilibaki moja, na haikuwa ngumu. Kile chumba alichokikata Jaza kilikuwa ubavuni mwa chumba cha kuwashia, palepale nilipokuwa nimeacha nafasi. Ukikibomoa, ukuta unasogezwa, nafasi inarudi, kiini kinakaa. Kazi ya muda mfupi kabisa.

"Nakiondoa chumba chako," nikamwambia. "Kuna nini humo?"

Nikageuka. Alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Jaza, kuna nini humo?"

"Filamu."

"Ya vifaranga?"

"Ya baba."

Mama akatoa sikio kwenye kioo. Tangu nilipofika, hiyo ndiyo mara ya kwanza kulitoa.

Ikabidi aseme. Kamera ya kiangulio ilipokuwa mpya, aliijaribu kwanza kwa kuitundika bandani kwa mama. Aliiacha ikajiendea mchana kutwa, unamjua, akiwasha kitu hakizimi mpaka kijae. Katikati ya filamu ile baba aliingia kulisha kuku. Akawaita. Mluzi ule wote umo, tangu mwanzo hadi mwisho. Tuna picha za baba za kusimama, za harusi, za kitambulisho. Sauti yake hatuna mahali pengine popote.

"Na hukutuambia?" nikasema.

"Nilitaka nimpe mama siku vifaranga watakapotoka," Jaza akasema. "Leo."

"Na ukaiweka humo?"

"Kule kukubwa kumejaa. Na hapa hakuna anayepagusa."

"Sawa. Tunainakili kwanza. Simu yako."

"Imejaa."

Ya mama ni ya vitufe na yangu ni ya tochi, kwa sababu mtu akishinda na kompyuta mchana kutwa hataki nyingine mfukoni. Flashi ndiyo iliyokuwa imeibeba mashine yenyewe. Kilichobaki ni kile chumba kikubwa, kilichojaa pomoni filamu za vifaranga wa watu wakitoka mayaini, miaka na miaka, kila uangulizi aliowahi kuufanya.

"Futa hizo," nikamwambia. "Futa mpaka ipatikane nafasi."

Huyu ni mtu ambaye hajawahi kutupa hata kamba ya gunia. Alikaa kwenye kiti changu, akaziangalia, na nikajiandaa kumsukuma. Sikuhitaji. Alianza kufuta. Alifuta kwa kidole kimoja, moja baada ya nyingine, bila kuzifungua, jasho linamtiririka puani. Aliponyanyuka nafasi ilikuwepo.

Nikaanza kunakili. Diski ile ni nzee, ina sehemu zilizochoka, na filamu ilikuwa faili moja zito la mchana kutwa. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo. Unatambaa, unasimama. Diski inalia tak, tak, halafu mstari unatambaa tena. Jaza alikuwa anausukuma kwa macho. Mimi nilikuwa natazama mstari, natazama kipimajoto, natazama mstari. Thelathini na nne na kitu.

"Huyu wa pembeni amenyamaza," mama akasema.

Mstari haukuwa umefika hata theluthi.

"Na huyu aliyekuwa ametoboa. Mdomo ulikuwa unatikisika. Hautikisiki."

"Bado kidogo, mama," Jaza akasema.

"Bado kidogo ngapi?" Akanigeukia mimi. "Wewe mwenye kazi. Sema kweli."

Nilitaka kumdanganya. Naapa nilitaka. Na mimi nilikuwa nautaka mluzi ule, niliutaka kuliko kitu chochote kilichokuwemo chumbani mle, pamoja na mayai. "Kwa mwendo huu ni muda mrefu, mama," nikasema. "Labda nusu saa. Labda zaidi. Diski imechoka."

"Na hawa?"

Jaza ndiye aliyejibu, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. "Hawawezi nusu saa. Wale waliotoboa hawawezi."

"Basi iache."

"Mama, ni baba!"

"Namjua baba yako. Nimelala naye mimi, hukulala naye wewe." Akarudisha sikio kwenye kioo. "Picha haitagi, mwanangu. Ondoa."

Tulisimama pale watu wazima wawili, hakuna anayeinua mkono. Kisha nikasimamisha kunakili. Mstari ulikuwa haujafika nusu. Nikaandika amri ya kukiondoa chumba, na mashine ikauliza, kama inavyouliza siku zote: una uhakika? Kidole changu kiligoma. Sijui nisemeje, kiligoma tu. Mkono wa Jaza ukapita juu ya bega langu, ukabonyeza.

Nikasogeza ukuta. Nikakikagua chumba, kizima. Nikaamuru kiini kiandikwe, na safari hii kikateremka chote, na nyuma yake ikabaki nafasi tupu, pana. Nikairudisha ile giga moja kama nilivyokuwa nimeiacha.

"Itatosha?" Jaza akanong'ona.

"Inatosha."

"Huwezi kuongeza?"

Ningekuwa na nafasi ningemzaba kibao. "Jaza, ondoka nyuma yangu."

Nikachomoa flashi, nikawasha upya. Kioo cheusi. Kikabaki cheusi. Mama hakugeuka. Jaza alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili, na mimi nilikuwa namwomba Mungu kwa maneno ambayo si ya kuombea. Kisha maneno meupe yakaanza kushuka, moja, jingine, mengi, na mwisho kikaja kile kimstari cha kuomba nywila. Nikaandika. Nilikosea. Nikaandika tena.

Nyuma ya mablanketi, feni ikavuma.

"Shhh," mama akasema, ingawa hakuna aliyekuwa amesema kitu.

Joto halikupanda papo hapo. Lilishuka kidogo zaidi, likasimama, likakaa pale kwa muda ambao sitaki kuurudia, ndipo likaanza kupanda. Mama alikuwa amefumba macho. Sisi tulimtazama yeye, si kipimajoto.

"Mmoja," akasema baada ya muda. "Huyu wa katikati." Halafu, "Wawili."

Jaza alikaa chini sakafuni, akaegemea ukuta, akalia kama mtoto. Nami nikamwacha alie, nikatoka nje kusimama juani.

Hawakutoka wote, nisikufiche. Mayai ya pembeni yalibaki mayai, na yule wa kwanza kutoboa tulimkuta mdomo wake nje na mwili ndani. Mama alimfungua ganda kwa ukucha, akamtazama, akamfunga kwenye kipande cha kitambaa. Lakini kufika jioni kwenye boksi chini ya taa walikuwepo vishingo kumi na mmoja, weusi, wamelowa, shingo tupu kama babu zao, na mmoja tayari anamdonoa mwenzake kichwani.

"Huyo ni wa kwetu," mama akasema.

Kesho yake nilirudi na diski mpya. Mama alikuwa palepale kwenye kigoda, boksi limekaa miguuni pake, vifaranga wamekauka na wanatimka. Jaza alikuwa amesharudisha kitufe cha kuzungusha joto kwa mkono, trei imetoka. Nikaanza kuhamisha mafaili, naye akanisogelea.

"Pilipili. Ile iliyonakiliwa. Ile sehemu. Inafunguka?"

"Sijui. Inategemea."

"Ifungue."

Nikaigeuza kompyuta ili mama aone, nikaifungua. Ikafunguka.

Lilikuwa banda la mama, jua limepita dirishani. Kuku wale wote walikuwepo, wazima, wanachakura, na mama akaanza kuwataja kwa sauti ndogo, huyu mwizi, huyu kilema, huyu alikuwa anatagia kwenye viatu vyangu. Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea ila kuku kuwa kuku. Jaza alitaka kusogeza mbele, mama akampiga mkono. Kisha mlango wa banda ukasukumwa. Likaingia kopo, ukaingia mkono, ikaingia kofia ya baba. Akasimama katikati ya banda, akajikuna kidogo, akawaangalia kuku wake. Akaubana mdomo wake apige mluzi.

Picha ikaganda.

"Endelea," mama akasema.

"Imeishia hapo, mama," nikamwambia. "Hapo ndipo nilipoikata."

Mama alimtazama baba pale kwenye kioo, mdomo umebanwa, muda mrefu. Halafu akasonya. "Mwanamume huyu! Maisha yake yote ni kuchelewa. Hata hapa amechelewa."

Na akaubana mdomo wake yeye, akapiga.

Sikuwa nimewahi kumsikia mama akipiga mluzi. Ulipanda, ukapanda, ukakatika ghafla mara mbili, sawasawa kabisa, bila kukosea popote. Vifaranga ndani ya boksi wakasimama wote kwa pamoja, wakanyoosha zile shingo tupu, wakamgeukia.

Jaza ndiye aliyepata sauti kwanza. "Tena, mama. Tafadhali. Piga tena."

"Tena ya nini? Kalete chakula," mama akasema. "Baba yako alikuwa anasema, ukiwaita usiwape kitu, kesho hawaji."

Jaza akaenda mbio stoo. Akarudi na kopo limejaa chenga mpaka linamwagika, mstari mzima umemfuata kutoka mlangoni hadi kwenye boksi. Sikumwambia kitu.